Koti la Mrututu

Swali la tano lilidai:
Taja matumizi mawili ya mrututu.
Nikaandika: kuua ukungu kwenye mizabibu.
Nikaandika: kumtambua babu kwa mbali.
Mwalimu Tsiala akanipa alama moja kati ya mbili,
na pembeni, kwa wino mwekundu: Eleza.

Basi naeleza.

Mwezi Mei, huku Kakheti, mvua ikishakatika,
babu Shalva huamka kungali kiza
kutazama mfuko alioutundika jana ndani ya pipa.
Fuwele zimeyeyuka usiku kucha, bila kelele,
na maji yamepata rangi
ambayo mbingu yetu huivaa siku mbili tu kwa mwaka.
Pipa ni la mbao. Ndoo ya bati haifai:
mrututu huitafuna bati kama nondo sufi.

Pipa la pili lina chokaa, nzito,
iliyokorogwa kwa mpini wa jembe lililokufa.
Samawati humiminwa ndani ya nyeupe.
Ukipindua mambo, asema, utapata uji usioshika jani.
Kisha huchovya msumari, huhesabu hadi thelathini.
Msumari ukitoka umevaa shaba
huongeza konzi ya chokaa, hutema mate kando, huchovya tena.
Hajasoma ayoni hata moja.
Ila ajua jani lina ngozi
na ngozi haipendi kuunguzwa.

Bomba lake la mgongoni linavuja bega la kushoto
tangu mama yangu ana meno ya utotoni.
Ndiyo maana koti limechorwa bahari
ambayo kijiji chetu hakina.
Ukuta wa ghala ni samawati hadi kimo cha mtu,
mlango pia,
na ncha ya mkia wa mbwa.

Bibi Nazibrola hana subira na sayansi ya nje.
Yake iko jikoni: siki kwenye birika
kubandua ukoko mweupe wa maji ya kisima,
magadi kwenye maharage yaliyogoma kuiva,
chumvi kwenye jibini, chumvi kwenye kachumbari ya baridi,
chumvi kwenye ngazi, barafu inapoganda, ili mtu asivunje nyonga.
"Samawati hiyo isiingie humu," asema,
na babu hulitundika koti nje, kwenye msumari mwingine,
usiohesabiwa.

Julai iliyopita wingu jeusi lilishuka kutoka milimani.
Serikali ikarusha makombora yenye iodidi ya fedha
ili mawe ya barafu yageuke mvua.
"Fedha!" babu akasema, shingo juu.
"Pensheni yangu hiyo, inapaa."
Barafu ikatupiga hata hivyo, dakika tisa.
Septemba, kati ya mitungi mitano iliyozikwa ardhini,
mmoja tu ulionja zabibu.
Minne mitupu akaifukiza kiberiti upele, mmoja mmoja,
akikohoa, akitukana,
ili isije ikanuka ukiwa.

Mwaka huu mapafu yake yamekikataa kilima.
Anaketi juu ya kreti, anahesabu kwa sauti
huku mimi nimeshika msumari.
"Ishirini na saba. Usipepese."
Bomba nimebeba mimi. Koti nimevaa mimi,
mikono nimeikunja mara mbili.
Bomba halijui kubagua:
linavuja bega lilelile.

Juzi, nikivuka daraja jioni,
mzee Gerasime, ambaye macho yake yamebakiwa na rangi tu,
aliniita kutoka ng'ambo:
"Shalva! Kumbe umepona?"

Sikumsahihisha. Nilipunga mkono,
nikatembea polepole kidogo, kama yeye,
hadi kona.

Naomba ile alama, mwalimu.